Vitabu Vilipofungiwa Stoo: Njia Tuliyopitia Kuvirudisha Maktabani

Mtoto wako akirudi nyumbani na habari kwamba vitabu vimeondolewa kwenye maktaba ya shule, usikimbilie ofisi ya mkuu wa shule siku hiyo hiyo. Tafuta kwanza rejista ya vitabu, au mtu anayejua ilipo. Nasema hivi kwa sababu jambo hili lilitupata hapa Nakuru mwaka wa 2025, katika shule ya kutwa ya umma anakosoma binti yangu, na karibu kila kitabu tulichofaulu kukirudisha kilirudi kwa sababu kilikuwa na namba na jina katika daftari. Vile ambavyo havikuwa vimeandikwa popote, hadi leo hakuna anayekubali kwamba viliwahi kuwepo.

Mimi nauza vitabu kuukuu. Nina kibanda mjini, na vitabu vya kiada ndivyo vinavyonilipia kodi kila Januari. Riwaya na mashairi huuzika polepole, lakini siachi kuvinunua kila ninapovipata. Mwaka huo shule za upili hazikupokea Kidato cha Kwanza kwa sababu ya mfumo mpya wa elimu, na shuleni kwetu chumba kimoja kikabaki wazi. Mwalimu wa Kiswahili akaomba kigeuzwe maktaba. Sisi wazazi tulichanga tukamlipa fundi seremala, mbao zikapatikana kwa bei ya huruma, na mimi nikatoa maboksi ya vitabu, vingine bure na vingine kwa bei niliyovinunulia. Familia nyingine zilileta vya kwao.

Mwalimu yule ndiye aliyefungua rejista. Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu lililopigwa mistari kwa rula: namba, jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, kimetoka kwa nani, tarehe, hali yake. Kila kitabu kiliandikwa namba kwa wino mweusi ndani ya jalada na mara ya pili kwenye ukurasa wa kumi na saba, ili hata jalada likichanika namba ibaki. Wakati ule niliona anajichosha. Alikuwa akiandika jioni baada ya masomo, na boksi la mwisho lilibaki sakafuni bila kuandikwa mpaka likizo ya Aprili ikafika.

Aprili hiyo hiyo mji wetu ulikuwa na tamasha la kitaifa la drama. Wasichana wa Butere, kutoka Kakamega, walikuja na tamthilia ambayo wakubwa hawakuitaka, na ingawa Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza, siku yao polisi walirusha vitoa machozi na wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza. Nawaeleza haya kwa sababu muhula wa pili ulifunguliwa wiki chache tu baadaye, na hofu ilikuwa bado iko katika ofisi za shule zote za hapa. Sidhani mkuu wetu wa shule alikuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona, umbali wa matatu moja tu, jinsi shule inavyoweza kugeuka habari ya taifa zima kwa sababu ya maandishi.

Mambo yalianza na ukurasa mmoja. Mama mmoja alikuta riwaya chini ya godoro la binti yake, akaifungua katikati, akakutana na msichana anayedhulumiwa na mjomba wake. Akapiga picha ukurasa ule na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa. Kufikia jioni picha ilikuwa imefika kwenye makundi ya kanisa linalofadhili shule, ikiwa na maneno mengine yaliyoongezwa: kwamba maktaba imejaa uchafu, kwamba kuna mtu anayewauzia watoto wetu vitabu vya aibu. Mtu huyo nilikuwa mimi, na wazazi wote walijua.

Ijumaa iliyofuata watu wawili wa bodi na mwakilishi wa mfadhili waliingia maktabani wakati wa mapumziko. Walipita rafu kwa rafu. Hawakusoma, walitazama majalada na majina. Vitabu vilitiwa kwenye magunia ya mahindi, vikabebwa na wavulana wa Kidato cha Tatu hadi stoo ya jikoni, mlango ukafungwa kwa kufuli. Binti yangu alikuwa amesimama hapo nje. Jioni aliniambia vitu viwili: kwamba mwalimu wa maktaba alikuwa ameketi kwenye dawati bila kusema neno, na kwamba mpaka kitabu cha kilimo kimechukuliwa. Baadaye tuligundua kwamba kilikuwa kitabu cha ufugaji, na kwenye jalada kiliandikwa kuwa kinahusu uzazi wa ng'ombe.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa na hasira, lakini aibu ndiyo iliyonikaa kifuani. Unapoitwa muuza uchafu na watu mnaosalimiana nao sokoni, unaanza kujipekua mwenyewe. Nilitoka kitandani nikavisoma tena vitabu vilivyokuwa nyumbani, nikitafuta kosa langu. Mume wangu, ambaye ni mtu wa amani, aliniuliza kama vitabu vile vina thamani kuliko utulivu wa mtoto wetu shuleni. Sikuwa na jibu la haraka, na swali lake lilinifuata mpaka mwisho wa safari hii.

Jumatatu nilienda shuleni. Mkuu wa shule alinipokea vizuri.

"Mzazi, keti. Hili jambo nalielewa. Lakini hayo ni maagizo kutoka juu."

"Kutoka kwa nani, Bwana Mkuu?"

"Kutoka juu, mzazi."

Nilimuuliza kama kuna barua. Hakuna. Kuna orodha ya vitabu vilivyoondolewa? Ingetengenezwa. Kuna kikao cha bodi kilichoamua? Alisema mashauriano yalifanyika. Nikatoka na chai niliyokunywa, bila kitu kingine.

Hapo ndipo nilipoelewa aina ya tatizo tulilokuwa nalo. Wengi wetu tukisikia kitabu kimepigwa marufuku tunawaza serikali. Na kweli kuna marufuku ya kisheria: kifungu cha 52 cha Kanuni ya Adhabu kinampa Waziri uwezo wa kutoa amri ya kupiga marufuku chapisho. Amri ya namna hiyo ina namba na tarehe, na inaweza kupingwa mahakamani. Hakuna hata kimoja kati ya vitabu vyetu kilichokuwa na amri kama hiyo. Vilikuwa vimeondolewa kwa mdomo, na jambo lililofanywa kwa mdomo halina mwenyewe. Kila unayemuuliza anakuelekeza kwa mwingine. Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ilikuwa kumfanya mtu mmoja aandike na kutia sahihi.

Rafiki wa mume wangu ni wakili, akanipa muda wake bila malipo. Alinifungulia sheria mbili ambazo kila mzazi wa shule ya umma anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni Sheria ya Upataji wa Habari ya 2016, inayotokana na Kifungu cha 35 cha Katiba. Raia yeyote anaweza kuomba habari kutoka kwa taasisi ya umma. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, hulipishwi kwa kuomba, na hulazimiki kujieleza kwa nini unataka habari hiyo. Gharama pekee unayoweza kudaiwa ni ya kutoa nakala. Taasisi ina siku 21 za kukujibu. Wakikunyima, una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu huiita Ombudsman, na kwa sisi wa upande huu tume hiyo ina ofisi Kisumu.

Ya pili ni Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015. Uamuzi wa ofisi ya umma ukikuumiza, una haki ya kudai sababu kwa maandishi. Asiyetoa sababu kwa muda uliowekwa, sheria inachukulia kwamba uamuzi wake haukuwa na sababu nzuri, mpaka yeye mwenyewe athibitishe kinyume. Wakili aliniambia nisiitumie kama rungu. Niitaje kwa upole katika mstari wa mwisho wa barua, basi.

Barua niliandika kwa Kiswahili, na nainakili hapa kwa sababu wazazi kadhaa wameniomba maneno yenyewe:

"Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa shule hii na raia wa Kenya. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upataji wa Habari ya 2016, naomba kujulishwa kwa maandishi vitabu vilivyoondolewa maktabani ni vipi, kimoja kimoja. Nani aliyeamua viondolewe na katika kikao gani. Sababu ya kuondolewa kwa kila kitabu. Na mahali vinapohifadhiwa sasa. Naomba pia nakala ya kumbukumbu za kikao hicho."

Hakuna lawama ndani yake, wala neno udhalimu, wala jina la mtu. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu za uchungu, na wakili alizikunja akazitia mfukoni mwake. Nilichapisha nakala mbili. Moja ilibaki ofisini, ya pili nikaomba igongwe muhuri wa kupokelewa, pamoja na tarehe. Karani alisita. Nilisubiri kwenye benchi mpaka akarudi nao. Bila muhuri ule, siku 21 hazianzi kuhesabiwa popote isipokuwa kichwani mwako.

Kitu kingine: barua asiiandike mwalimu. Mwalimu wetu wa maktaba alitaka kutia sahihi pamoja nami, tukamkataza. Yeye ana mwajiri, anaweza kuhamishwa, na akihamishwa maktaba inakufa. Mzazi hahamishwi. Mwalimu alichotufanyia kilikuwa kikubwa kuliko sahihi: alitunza rejista nyumbani kwake na kuturuhusu tuinakili ukurasa kwa ukurasa. Kwa nakala ile tukalinganisha rafu na daftari, tukapata orodha yetu kabla shule haijatengeneza ya kwake.

Orodha ilitufungua macho. Hoja kubwa ya waliotaka vitabu viondoke ilikuwa kwamba havijaidhinishwa na KICD, taasisi inayokagua vitabu vya shule. Hoja hiyo si ya kupuuza. KICD ipo ili vitabu vya darasani viwe sahihi na viwafae watoto. Lakini tulipopitia jina baada ya jina tulikuta kwamba baadhi ya vilivyotiwa gunia viko katika orodha ya vilivyoidhinishwa, na kimoja kiliwahi kuwa kitabu teule, kikatahiniwa katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya upili. Wazazi wawili waliokuwa wakikipinga walikisoma wenyewe wakiwa wanafunzi. Ukiwahi kufika hapa, usibishane kuhusu "vitabu" kwa jumla. Neno hilo la jumla ndilo linalobeba hofu. Taja kimoja, kifungue, zungumzeni juu ya hicho.

Mwisho wa Mei, tukiwa bado tunasubiri jibu, Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Marekani. Redio ya kibandani ilimzungumzia siku nzima. Walisema jinsi alivyotiwa kizuizini mwishoni mwa 1977 baada ya tamthilia ya Kikuyu iliyoigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, na jinsi alivyoandika riwaya gerezani Kamiti kwenye karatasi za chooni. Viongozi walikuwa wakimsifu. Wateja walikuja kuulizia vitabu vyake, na kufikia jioni sikuwa nimebaki na hata kimoja. Nilifurahi kwa mauzo, lakini nilikaa pale nikiwaza magunia yetu. Nchi hii imewahi kupita hapa. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya kijikaratasi cha kuikosoa serikali, na mashairi aliyoyaandika kifungoni yalichapishwa 1973, yakapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Sheria ya uchochezi iliyotumiwa kuwafunga waandishi na wasomaji ilifutwa 1997. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 33, inalinda haki ya kutafuta na kupokea mawazo, pamoja na ile ya kuyatoa. Kupokea. Yaani kusoma.

Gharama za kipindi hiki zilikuwa za kweli. Fedha, pengine shilingi elfu nne za nakala, nauli na kufunga kibanda. Wateja waliopungua siwezi kuwahesabu. Kuna shule moja ya msingi iliyokuwa ikininunulia vitabu vya hadithi na ikaacha kimyakimya. Lililoniuma zaidi ni binti yangu. Wenzake wawili waliacha kukaa naye wakati wa chakula. Mwalimu mmoja alimwambia mbele ya darasa amwambie mamake aache siasa. Nilimuuliza kama anataka niache. Akafikiri kwa muda, akasema niendelee lakini nisije shuleni siku za wiki wenzake wakiniona. Nikaheshimu. Kama una mtoto katika shule unayoiandikia, zungumza naye kabla ya barua ya kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayekaa kule siku nzima.

Sasa nimfikie yule mama aliyepiga picha. Watu walinitaka nimjibu kundini, wengine walinitumia maneno ya kumjibu. Nilimpigia simu, nikamkaribisha kibandani siku ya Jumapili alasiri, wakati mji umetulia. Alikuja na kitabu kwenye mfuko wa karatasi, kana kwamba hataki kukigusa.

Aliniambia, "Dada, wewe huna uchungu nilio nao."

Kisha akanieleza. Binti yake mkubwa aliacha shule akiwa Kidato cha Pili. Mtu aliyemharibia alikuwa mpangaji wa ploti ile ile, mtu aliyekula mezani kwao. Alipoona ukurasa ule chini ya godoro la mdogo wake, aliona jambo lile likirudi nyumbani kwake kwa mlango mwingine. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Yote niliyokuwa nimepanga kumwambia kuhusu uhuru na Katiba sikuyasema.

Nikamwomba tusome pamoja sura iliyotangulia ukurasa wake, na ile inayofuata. Nilisoma mimi kwa sauti, yeye akifuata kwa kidole. Katika sura inayofuata msichana anamweleza mwalimu wake, mwalimu anamsadiki, na mjomba anapelekwa polisi huku ukoo mzima ukimlaani msichana kwa kuwavunjia heshima. Tulipofika hapo alinishika mkono nisiendelee.

"Huyu alipata wapi ujasiri wa kusema?" akauliza. Baada ya muda akasema, "Wangu hakusema. Mpaka tumbo likaonekana."

Tulikaa. Alipoinuka kuondoka hakuwa amegeuka kuwa mtetezi wa maktaba. Alisema bado hataki binti yake mdogo asome kitabu kile kabla hajakaa naye mwenyewe wakamaliza mazungumzo ambayo hawakuwahi kuyafanya na dada yake. Nikamwambia hiyo ni haki yake, na nitakuwa wa kwanza kuitetea. Mzazi anaweza kusema mtoto wangu asisome hiki kwa sasa. Anachokosa ni uwezo wa kuwasemea watoto wa wenzake, ambao pengine mmoja wao anahitaji kusoma ukurasa ule ule ili apate maneno ya kumwambia mwalimu. Hilo alilikubali. Na nakiri kwamba bila yeye tusingefika popote, kwa sababu yeye ndiye aliyesimama kwenye kikao cha wazazi akasema kwamba alisoma ukurasa mmoja tu, na sasa amesoma kitabu kizima, na kwamba anataka wengine nao wakisome kabla ya kupiga kura.

Jibu la barua lilikuja siku chache kabla ya zile 21 kwisha. Nilikuwa tayari nimeandaa ya Ombudsman. Lilikuwa fupi: orodha ya vitabu, na maelezo kwamba hakukuwa na kikao rasmi, hivyo hakuna kumbukumbu. Mstari huo mmoja ulifaa kuliko hotuba yoyote. Uliposomwa mbele ya bodi, mwenyekiti mwenyewe alisema jambo lifanywe upya kwa utaratibu.

Kikao hicho kilikuwa kirefu na sitakisimulia chote. Mzee mmoja anayelea wajukuu wake aliomba nafasi. Alisema mwaka wa 1986 alikuwa karani hapa mjini, wakati wa msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, watu wakikamatwa kwa kupatikana na karatasi. "Nilichoma vitabu vyangu usiku, mama watoto akinishikia taa," akasema. "Sijui hata kama vilikuwa na kosa. Hakuna aliyeniambia nivichome." Akaketi. Mwenyekiti akamshukuru, tukaingia kwenye ajenda ya vyoo. Hakuna aliyemjibu, na sidhani maneno yake yalibadilisha kura hata moja. Mimi bado nayabeba.

Kilichosaidia kikaoni kilikuwa fomu. Niliposoma jinsi maktaba za Marekani zinavyoshughulikia malalamiko kama haya, ambako tangu 1982 wana wiki nzima ya kila mwaka ya kukumbusha watu kuhusu vitabu vinavyopigwa marufuku, niliona kwamba nyingi hazianzi kwa mjadala. Humpa mlalamikaji fomu. Je, umekisoma kitabu chote? Ni sehemu gani inayokusumbua, ukurasa gani? Unaona kinafaa kwa umri upi? Ungependekeza kitabu gani kingine badala yake? Na mwongozo wa chama chao cha maktaba ni kwamba kitabu kinabaki rafuni wakati kinajadiliwa. Tulitunga yetu kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Hoja ya kitabu kubaki rafuni ilipingwa vikali, tukakubaliana kwamba kitabaki isipokuwa mkuu wa shule ataandika sababu na kutia sahihi. Hata hapo tulikuwa tumepata kitu, maana sasa kutakuwa na mtu aliyeandika.

Iliundwa kamati ya kusoma: wazazi wawili, mwalimu wa Kiswahili, mwalimu wa mwongozo na ushauri, na mtu wa upande wa mfadhili. Tuliwagawia vitabu, kila kitabu kisomwe na watu wawili. Hii ndiyo sehemu iliyochosha zaidi na isiyo na mengi ya kusimulia. Watu wazima wana kazi, na kitabu cha kurasa mia mbili kinakaa juu ya friji mwezi mzima. Ukiunda kamati kama hii, chagua watu ambao umewahi kuwaona wakisoma, hata kama ni gazeti tu. Mtu wa mfadhili, niliyemhofia kuliko wote, alisoma vyake vyote na kuandika maoni kwa mwandiko mzuri. Alipinga viwili kwa sababu alizozieleza, na hoja yake juu ya kimoja ilinishawishi: kilikuwa na picha zisizofaa watoto, na hakikupaswa kuwa katika boksi langu.

Magunia yalipofunguliwa tulikuta mvua ya Mei imepita kwenye bati la stoo. Vitabu vya chini vilikuwa vimegandana kurasa, vingine vimetafunwa na panya pembeni. Kile cha ufugaji kilikuwa kizima. Tuliketi sakafuni na mwalimu, yeye akisoma namba kwenye ukurasa wa kumi na saba na mimi nikitia alama kwenye nakala ya rejista. Vingi vilirudi rafuni. Vitatu viliwekwa rafu ya Kidato cha Tatu na cha Nne, na riwaya iliyoanzisha yote ni kimojawapo. Vya lile boksi ambalo halikuandikwa, nakumbuka diwani mbili za mashairi na kitabu kimoja cha historia ya vita vya Mau Mau, na hakuna hata kimoja kilichoonekana. Siwezi kumshtaki mtu, maana siwezi kuonyesha kwamba vilikuwepo.

Diwani moja nimeinunua tena kutoka kwa mwenzangu wa Kisumu na tayari ina namba. Kitabu cha historia bado nakitafuta. Utaratibu tuliotunga unasubiri kupitishwa na bodi mpya, na kuna wajumbe wanaotaka ile ibara ya sahihi ya mkuu wa shule iondolewe, kwa hiyo sisi wazazi tumepanga kuhudhuria kikao hicho na tumekwisha kuomba kwa maandishi nakala ya ajenda. Fomu yenyewe na mfano wa barua viko kibandani kwangu. Anayevihitaji kwa shule ya mtoto wake aje avichukue, halipi kitu.